Mbona: Swali la Mfiwa Mbele ya Mungu

Miaka michache iliyopita, katika mji wa katikati ya Marekani ninakofundisha, niliitwa hospitalini usiku ili niwe mkalimani. Hospitali hiyo ina wakalimani wa simu, nao ni hodari, lakini familia ilitaka mtu inayemfahamu. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa wa selimundu. Wazazi wake ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na mtoto huyo alizaliwa humo kambini. Nilipofika, alikuwa amekwisha kufariki.

Mchungaji wa hospitali, mama wa Kimarekani mwenye upole, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mama wa mtoto hakuwa akilia kwa sauti. Alitazama juu, akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwao: "Juu ya nini, Mungu? Ulikuwa wapi? Ulituvusha ziwa juu ya nini?" Mzee wa kanisa aliyekuja pamoja na familia akamshika bega, akamwambia, "Mama, usikufuru. Mungu haulizwi." Mchungaji akanigeukia, akataka kujua mama anasema nini. Nikamjibu kwamba mama anamwomba Mungu ampe nguvu.

Nimefundisha tafsiri kwa zaidi ya miaka kumi. Nimewakata wanafunzi alama kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini usiku ule sikukosea kwa kutojua neno. Nililijua vyema, nikalificha. Niliona aibu kwa niaba ya mama yule, na nadhani niliona aibu kwa niaba ya Mungu pia, kana kwamba Mungu ni mgeni wa heshima aliyetukanwa nyumbani kwetu nami nikawahi kuyageuza maneno kabla hayajamfikia. Makala haya yamezaliwa na aibu hiyo. Swali ninalolichunguza ni jepesi kulitamka: je, Mkristo aliye katika mateso anaruhusiwa kumhoji Mungu? Na kama anaruhusiwa, sisi tunaomnyamazisha tunamtetea nani?

Niseme kwanza nilikojifunza kunyamazisha. Nilizaliwa Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu masikioni mwetu, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Utoto wetu ulikuwa utoto wa misiba. Tulijua njia za kwenda makaburini kama tulivyojua njia za kwenda mtoni. Katika misiba hiyo nilisikia sentensi mbili zikirudiwa mpaka zikawa kama sehemu ya hali ya hewa. Ya kwanza: kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili ni ile ya Ayubu katika sura ya kwanza, aya ya 21, inayomtaja Bwana aliyetoa na kutwaa, ambayo kila Mkristo wa Afrika Mashariki anaijua kwa moyo hata kama hajawahi kukifungua kitabu chenyewe.

Bibi yangu, aliyezika watoto wanne katika miaka hiyo na kulea wajukuu, alikuwa akiisema sentensi ya kwanza kila jioni. Sitaki kuidharau. Ilimsimamisha. Asubuhi alikwenda shambani akiwa ameiegemea kama mtu anavyoegemea fimbo. Lakini nilipokua niligundua jambo ambalo utotoni sikuliona: bibi alikuwa akijiambia mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Sentensi hiyo hiyo, ikitoka kinywani mwa mtu mwingine na kuelekezwa kwa mfiwa ambaye bado hajaweza kuisema, inabadilika. Kwa mfiwa ni imani. Kwa mwombolezaji aliyekuja na kofia yake mkononi huweza kuwa kifuniko cha chungu. Ukweli wa neno la imani hautegemei maneno peke yake, hutegemea pia ni nani anayemwambia nani, na saa ngapi.

Tukitazame basi Kitabu cha Ayubu, ambacho tunakitumia kama fimbo ya kunyamazishia. Kina sura 42. Zile mbili za mwanzo ni hadithi ya nathari: mtu mwema, utajiri, shetani, misiba mfululizo, na Ayubu asiyekosa kwa midomo yake. Hapo ndipo mahubiri yetu mengi ya mazishi yanapoishia. Lakini kuanzia sura ya tatu lugha inageuka kuwa ushairi, na mtu aliyekuwa mpole anafungua kinywa chake na kuilaani siku aliyozaliwa. Kutoka hapo hadi sura ya 31, Ayubu anauliza, anashitaki, anadai kesi isikilizwe, anatamani kujua mahali Mungu anapokaa ili aende mwenyewe akapange hoja zake mbele yake. Anayesoma Ayubu na kuishia sura ya pili amesoma utangulizi akadhani amemaliza kitabu.

Nadhani zipo sababu za kihistoria za sisi Waswahili kumsoma Ayubu hivyo. Jina lake lilikuwa limekwisha kupata makao katika lugha yetu kabla Biblia nzima ya Kiswahili haijachapishwa mwaka 1891. Fasihi ya kale ya pwani ina Utendi wa Ayubu, uliohaririwa na Alice Werner na kuchapishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1920, na humo Ayubu ni nabii wa subira. Ni picha adhimu, yenye mizizi katika mapokeo ya Kiislamu, na hata Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya unamtaja Ayubu kwa uvumilivu wake. Sina ugomvi na subira. Ninachosema ni kwamba Mkristo anayesoma Biblia kwa Kiswahili huja kwenye kitabu hicho akiwa na Ayubu mwingine kichwani tayari, aliye kimya zaidi, na akikutana na yule wa sura ya tatu humpita haraka kama mtu apitaye penye ugomvi wa majirani.

Sasa, marafiki wa Ayubu. Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi walianza vizuri. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Waombolezaji wachache wameweza kufanya hivyo tangu wakati ule. Waliharibu walipoanza kufafanua. Hoja yao, ukiivua mapambo, ni hii: Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo anayeteseka ana kosa, na kama halijui kosa lake, alitafute. Tuliisikia hoja hiyo Kagera. Tulizisikia kwenye mimbari hesabu za dhambi zilizodaiwa kuleta Juliana, na waliozisikiliza wakiwa wamekaa mbele walikuwa wajane na yatima. Hakuna aliyemtaja Elifazi, lakini alikuwa ndiye mhubiri.

Katika sura ya 13 Ayubu anawageuzia rafiki zake swali ambalo nimelirudia mara nyingi tangu usiku ule wa hospitalini. Anawauliza kama wataka kusema uongo kwa ajili ya Mungu, kana kwamba Mungu anahitaji mawakili wa namna hiyo. Anawaonya kwamba Mungu mwenyewe hatapendezwa. Na ndivyo inavyokuwa. Katika sura ya mwisho, aya ya saba, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea wanahukumiwa, aliyemshitaki anaambiwa kwamba amesema sawa, na isitoshe, wale mawakili wanatakiwa wamwendee mshitaki ili awaombee.

Linaweza kuwa sawa vipi neno la mtu aliyesema maneno makali kiasi kile? Wafafanuzi wamejibu kwa njia nyingi. Mimi ni mwalimu wa lugha, na jibu langu linaanzia kwenye sarufi. Rafiki wa Ayubu wanamzungumza Mungu katika nafsi ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho: Yeye hufanya hivi, Yeye hawezi kufanya vile. Ayubu naye huanza hivyo, lakini kila mara katikati ya hotuba anageuka, anawaacha rafiki zake wakiwa wameduwaa, na kusema "wewe". Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu anayemwomba Mungu chochote katika kitabu kizima. Wana mafundisho kuhusu Mungu. Ayubu ana ugomvi na Mungu, na huwezi kugombana na mtu uliyeacha kumwamini kuwa yupo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko lugha niliyosomea udaktari wangu. Kiingereza kina neno moja tu la kawaida la kuulizia sababu. Sisi tuna "kwa nini", na tuna "mbona". Watu wa Kivu husema "juu ya nini", na katika kinywa cha mama yule maneno hayo yalibeba uzito wote wa "mbona". Mtoto wa shule anaweza kuuliza kwa nini mvua hunyesha, na swali lake halimlaumu mtu. Lakini "mbona" haiulizwi hewani. Mbona umechelewa? Tulikuwa na miadi. Mbona hujala? Ulikuwa mzima jana. Mbona umenyamaza? Ulikuwa ukizungumza nami. Hata mtu nisiyemjua akinisukuma njiani nami nikamwambia "mbona unanisukuma", nimeegemea kanuni ya heshima ninayoamini kwamba yeye pia anaijua. Nyuma ya kila "mbona" kuna tarajio, na nyuma ya tarajio kuna ahadi au undugu. Huwezi kumwuliza hivyo mtu ambaye hukutarajia kitu kwake.

Ndiyo maana naona uteuzi wa neno hilo katika Biblia ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952, kuwa mojawapo ya maamuzi mazuri ya watafsiri wetu. Zaburi ya 22 inapofunguka kwa kilio cha aliyeachwa, watafsiri hawakuandika "kwa nini". Waliandika "mbona". Na Mathayo na Marko wanapomsimulia Yesu msalabani akikilia kilio hicho hicho kwa lugha ya mama yake, neno la Kiswahili ni lile lile. Mkristo anayeamini kwamba Yesu hakutenda dhambi amekwisha kulijibu swali la makala haya, ajue asijue. Ikiwa kumwuliza Mungu "mbona" ni kufuru, basi kufuru hiyo ilitamkwa msalabani na asiye na dhambi.

Lakini sitaki kushinda hoja kwa urahisi. Wanaosema Mungu haulizwi wana maandiko yao, nayo yanastahili kujibiwa.

Kwanza wanawataja Waisraeli jangwani, walionung'unika wakaadhibiwa. Ni kweli. Lakini tukisome vizuri Kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Watu wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake, wakikumbuka samaki na matango ya Misri, na hasira ya Mungu inawaka. Katika sura hiyo hiyo, aya chache tu baadaye, Musa naye anasema. Maneno yake ni makali kuliko yao: anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda uovu, anauliza kama yeye ndiye aliyewazaa watu hawa, na anamalizia kwa kuomba auawe. Haadhibiwi. Anapewa wazee 70 wa kumsaidia mzigo. Tofauti haiko katika ukali wa maneno. Wale walinung'unika wao kwa wao, wakitamani kurudi utumwani. Musa alimwendea mwenye mzigo na kumwambia mzigo ni mzito. Kiswahili kinazitenganisha hali hizo mbili vizuri: kunung'unika ni kwa pembeni, kushitaki ni mbele ya uso.

Pili wanautaja udongo na mfinyanzi katika Warumi sura ya tisa, pale Paulo anapouliza binadamu ni nani hata amjibu Mungu. Mfano huo haukuanza kwa Paulo. Yeremia aliwahi kutumwa nyumbani kwa mfinyanzi, katika sura ya 18 ya kitabu chake, akaona kwa macho yake udongo ukiharibika na kufinyangwa upya. Nabii huyo aliujua mfano kuliko sisi sote. Na sura mbili tu baadaye, katika ile ya 20, anamwambia Mungu kwamba amemhadaa, na anailaani siku yake ya kuzaliwa kama Ayubu. Aliyejifunza somo la udongo hakulielewa kuwa amri ya kunyamaza. Na Paulo mwenyewe anaifungua sura hiyo ya tisa kwa kukiri huzuni kuu isiyokoma moyoni mwake; tena tunajua kwamba alisihi mara tatu aondolewe mwiba wake. Anamkemea mtu anayebishana kuhusu uteuzi wa Mungu, hamkemei mama aliyefiwa.

Tatu, na hili ndilo zito, wanasema hata Ayubu mwishoni alitubu katika mavumbi na majivu. Alinyamazishwa. Wataalamu wa Kiebrania wanabishana kuhusu aya hiyo, ya sita katika sura ya 42, kwa sababu kitenzi tunachokisoma kama "kutubu" ndicho, kwa mzizi wake, kinachotumika katika sura ya pili kwa rafiki waliokuja kumfariji, na kinatumika tena aya tano baadaye kwa jamaa wanaokuja kumfariji. Sitajenga nyumba juu ya mzizi mmoja. Hata tukiikubali tafsiri ya kawaida, Ayubu anainama baada ya Mungu kuja na kusema naye, si baada ya Elifazi kumwambia anyamaze. Na hukumu ya aya ya saba inatolewa baada ya toba hiyo, juu ya yote aliyoyanena.

Upo pia upinzani kutoka upande wa pili. Wenzangu wengi chuoni, wasioamini, huniuliza kwa nini mtu aendelee kumshitaki hakimu asiyejibu. Si afadhali atoke mahakamani? Katika riwaya ya Dostoyevsky, Ndugu Karamazov, iliyokamilika mwaka 1880, Ivan anayakusanya mateso ya watoto wadogo na kutangaza kwamba anairudisha tiketi yake ya kuingilia mbinguni. Ni hotuba ambayo sijawahi kuisoma bila kutetemeka. Lakini Ivan anamwambia nani? Anamwambia ndugu yake Alyosha, mezani, hotelini. Hamwambii Mungu. Simlaumu, pengine ni uaminifu wake. Ninachokiona ni kwamba Ivan na Elifazi, waliotofautiana katika kila jambo, wanafanana katika sarufi: wote wanamzungumza Mungu asiyekuwapo. Mama yule wa Fizi hakurudisha tiketi wala hakuitetea kampuni ya meli. Alimwuliza nahodha.

Zaburi, kitabu cha sala cha Wayahudi na cha Wakristo, zimejaa maswali ya namna hiyo. Katika Zaburi 150, wachambuzi huhesabu takribani theluthi kuwa za maombolezo. Nyingi hugeuka kuelekea mwisho na kuingia katika sifa, lakini Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza usiku na inaishia gizani. Waliokusanya sala za Israeli wangeweza kuiacha nje, au kuiongezea aya moja ya matumaini ili isituaibishe. Hawakufanya nililolifanya mimi hospitalini.

Siko peke yangu katika aibu hii. C. S. Lewis, msomi wa Oxford aliyekuja kuwa profesa Cambridge, aliandika mwaka 1940 kitabu cha kueleza kwa utulivu kwa nini Mungu mwema huruhusu maumivu. Mwaka 1960 mkewe alifariki kwa saratani. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu kidogo cha maswali makali ya mfiwa kwa Mungu, nacho hakikubeba jina la Lewis. Kilibeba jina la N. W. Clerk. Sijui moyo wa mtu, lakini mwandishi yule yule aliweka jina lake kwenye maelezo na kulificha kwenye swali, na desturi hiyo naifahamu.

Fasihi yetu imekuwa jasiri kuliko mimbari zetu. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyepitia seminari, aliifikisha Rosa Mistika ya mwaka 1971 mpaka ng'ambo ya kaburi, mbele ya Mungu, ambako binti na baba yake wanasimama na lawama zao. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi fulani, na mara nyingi tunapoitaja tunakumbuka habari za mapenzi tu. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine. Mwandishi alikataa kuliacha swali la Rosa life pamoja naye.

Turudi kwenye neno la mzee wa kanisa: usikufuru. Kitenzi hicho tumekipata kwa Waarabu, na mzizi wake wa kale una maana ya kufunika, na kutokana na hapo kuificha neema na kuikana. Nilipoliwaza jambo hilo nilijiuliza ni nani aliyefunika usiku ule. Mama alifunua. Mzee alifunika kwa mkono wake begani, kwa mapenzi, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa yeye alipozika wake. Mimi nilifunika kwa tafsiri. Na mchungaji yule wa Kimarekani, ambaye pengine angejua la kufanya na swali lile, hakulipata kabisa. Alisali sala nzuri ya kuomba nguvu, nami nikaitafsiri kwa ufasaha, na hakuna aliyejibu alichoulizwa.

Sidai kwamba kuruhusu swali kunaleta jibu. Katika sura ya 38 Mungu anapozungumza na Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hafafanui. Anauliza kuhusu bahari, nyota, mbuni na mbuzi wa majabali. Habari ya shetani na ule mjadala wa mbinguni katika sura ya kwanza haitajwi hata mara moja. Ayubu anakufa mzee bila kuambiwa. Alichokipata ni kuzungumziwa. Baadhi ya wanateolojia wanaona kwamba hilo linatosha. Mimi, nikikumbuka kile kitanda kidogo, sina hakika kama linamtosha mama. Wala sidai kwamba kila "mbona" ianzie na kuishia kwa Mungu. Vita vilivyomtoa Fizi vina waliovianzisha na wanaonufaika navyo, na kumshitaki Mungu kusiwe njia ya kuwaachia huru. Lakini hata katika hilo Zaburi zinatutangulia: wanaomlilia Mungu humo humtajia pia maadui zao.

Ninachodai ni kidogo zaidi, nami nakidai kwa uhakika. Mkristo anayeteseka haombi ruhusa mpya anapomwuliza Mungu. Ruhusa alikwisha kupewa na Ayubu, na Musa, na Yeremia, na Habakuki aliyekifungua kitabu chake kwa lalamiko. Alipewa na Martha na Mariamu, ambao kila mmoja kwa zamu yake alimwambia Yesu kwamba angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Maneno yale ni ndugu wa "ulikuwa wapi" ya mama yule. Yesu hakuwaambia wasikufuru. Alilia. Ndipo akaomba aonyeshwe kaburi lilipo, au tuseme, kwa kufuata mpangilio wa Yohana sura ya 11, aliomba kuonyeshwa na machozi yakamtoka njiani.

Nasi waombolezaji tunaweza kubadili jambo dogo. Tunaposoma Ayubu msibani, tusome na sura ya tatu. Tumwachie mfiwa aseme sentensi ya kutoa na kutwaa mwenyewe, siku atakapoiweza, na asipoiweza kamwe tusimhesabie. Na tukiwa na lolote la kuiga kwa Elifazi na wenzake, liwe zile siku saba za kwanza.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda kwa mama yule kumweleza nililolifanya. Nilimkuta jikoni akipika sombe, na binti yake mdogo akifanya kazi za shule mezani. Nilimwambia kwamba usiku ule sikuyatafsiri maneno yake, kwamba niliyabadilisha, na kwamba naomba radhi. Alinitazama kwa muda, kama anayejaribu kuelewa ni kwa nini mtu mzima amebeba jambo hilo siku zote hizo. "Mwalimu," alisema, "lakini mimi sikukuuliza wewe. Wala yule mama Mzungu."

Nikamwuliza kama bado anauliza. Akasema kila siku, akafunika sufuria, akaniambia nikae, chakula ki karibu.